Njia Moja, Nauli Moja

Mfanyakazi anunuapo kifurushi cha data kwa fedha yake ya jasho hudhani amenunua njia ya kumfikisha popote atakapo. Mara nyingi sivyo. Huuziwa kifurushi cha WhatsApp na Facebook peke yake, ama huambiwa kwamba mitandao fulani ataiona bure na mingine yote ataigharimia. Twapenda kulizungumza jambo hili leo, maana ni jambo la mfuko wa mtu wa kawaida, ingawa wataalamu wamelivika maneno magumu.

Kanuni inayogombaniwa ni nyepesi. Yasema kwamba mwenye minara na apitishe kila kitu kwa usawa; asizuie, asicheleweshe, wala asibadili bei kwa sababu ya kile kipitacho. Auze data kwa wingi wake, kama maji yauzwavyo kwa mita, bila kuuliza kama ni ya kupikia au ya kufulia.

Wananchi wa India waliipigania kwelikweli. Mwaka 2015 Facebook, pamoja na kampuni ya simu ya Reliance Communications, ilileta huko huduma iliyokuja kuitwa Free Basics, ile ile iliyoanza Zambia mwaka 2014 na kufika Tanzania na Kenya mwaka huo huo. Mtu asiye na salio aliweza kufungua kurasa chache bila malipo. Kurasa zipi? Zile zilizokubaliwa na Facebook! Magazeti yakajazwa matangazo ya kuisifu huduma hiyo kuwa ni msaada kwa maskini. Lakini tarehe 8 Februari, 2016, mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kwa sababu ya yaliyomo ndani ya data. Adhabu ni rupia 50,000 kwa siku, isizidi rupia milioni 5. Huduma za dharura ziliachiwa nafasi.

Wapo wasemao kwamba amri hiyo iliwanyang'anya maskini tonge mdomoni. Hoja hii hatuidharau. Mwenye shilingi mia tano hawezi kula kanuni, wala si kweli kwamba marufuku peke yake hushusha bei. Bei ya data ilianguka India baada ya Septemba 2016, Reliance Jio ilipoingia sokoni na kuzilazimisha kampuni nyingine zishindane nayo. Hiyo ilikuwa kazi ya ushindani.

Hata hivyo TRAI haikukataza ukarimu. Kampuni iliruhusiwa kumpa mteja kiasi cha data bure, mradi aitumie popote apendapo. Basi mwenye huruma ya kweli alionyeshwa mlango. Kilichokatazwa ni huruma ya kumchagulia mtu pa kwenda.

Na madhara ya kuchaguliwa tunayaona. Mwenye kifurushi cha WhatsApp hupokea habari ya nyongeza ya mishahara, imesambazwa na mtu asiyemjua. Akibonyeza kiungo ili aende kwenye tovuti ya wizara kuithibitisha, huambiwa salio halitoshi. Uvumi anaupata kwa bei nafuu. Ukweli umo nje ya kifurushi. Naye kijana aliyetengeneza programu yake ya kuwauzia wakulima mbegu atashindanaje na jitu la ng'ambo ambalo wateja wake hulifikia bure?

Ulaya nako Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua, tarehe 2 Septemba, 2021, kwamba vifurushi vya namna hiyo vya kampuni mbili za simu nchini Ujerumani havikupatana na sheria.

Sisi twawataka wadhibiti wa Afrika ya Mashariki wazibane kampuni za simu zitangaze, juu ya kila kifurushi, bei ya MB moja iendayo popote, kwa shilingi na senti. Na pale ambapo MB ya mtandao mmoja ni rahisi kuliko ya mwingine, kampuni iulizwe hadharani ni nani anayeilipa tofauti hiyo.