Gelatini katika pipi za watoto wetu



Baada ya swala ya Ijumaa, mama mmoja wa Muleba alinijia na pakiti ya pipi laini za kutafuna, akauliza: "Sheikh, wanangu wanakula nini humu?" Tukaigeuza. Miongoni mwa viambato palikuwa na gelatini, bila kutajwa mnyama wake.

Gelatini hutolewa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Ya samaki ipo, lakini ni haba. Ndiyo inayoifanya pipi inyumbuke, na ndiyo ganda la dawa nyingi za kapsuli. Hata ikiwa ya ng'ombe, swali la nani kachinja, na vipi, linabaki palepale. Wapo wanazuoni wasemao kwamba kitu kikigeuka dhati yake hukumu nayo hugeuka, kama mvinyo unapokuwa siki. Hata hivyo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilikataa gelatini ya nguruwe katika chakula, kwa kuwa badala yake zipo za mimea na za wanyama waliochinjwa kisheria. Nami naona kauli hiyo ina nguvu zaidi. Pipi si dharura. Dawa ya mgonjwa ina mlango wake.

Kisha zipo namba. E471 huweza kutokana na mafuta ya mawese au shahamu ya mnyama; namba yenyewe haisemi. E120 ni rangi nyekundu itokayo kwa mdudu. (Hapa watu wa Bukoba huniuliza: "Na senene je?" Senene tunamhesabu pamoja na nzige, ambaye ameruhusiwa kwa hadithi. Ruhusa hiyo haikuenea kwa kila mdudu.)

Wazee wetu walikula ndizi za shambani, maharage na samaki wa ziwani, wala hawakuwa na pakiti ya kusoma. Leo bidhaa za viwanda vya mbali huvuka Mutukula na kushuka bandarini Bukoba. TBS, iliyochukua usimamizi wa chakula kutoka TFDA mwaka 2019, hukagua usalama na ubora. Halali na haramu si kazi yake. BAKWATA hutoa cheti cha halali, lakini kwa mzalishaji aliyekiomba. Basi alama ya ubora isidhaniwe kuwa ni alama ya halali.

Mama yule aliirudisha pakiti dukani. Mwenye duka, Muislamu tunayesimama naye safu moja, alikiri kwamba ameuza pipi hizo kwa miaka bila kuigeuza pakiti hata mara moja.