Nishati si hoja, jamani!

Majaribio yameisha, macho mekundu, usingizi deni. Ila leo sina stori za foleni ya kantini. Leo nina hasira.

Juzi kwenye semina ya fizikia nilisema hivi: katika mashine za kuongezea elektroni kasi kwa plazma, ubora wa mwale ni muhimu kuliko ukubwa wa nishati. Watu wakacheka. Jamaa mmoja akadakia, "Ticha, nishati kwanza, urembo baadaye!" Makofi. Sawa, ila hapa hakuna wa kunikatiza.

Leza kali ikipita kwenye plazma inasukuma elektroni pembeni na kuacha wimbi nyuma yake, kama boti ya Zanzibar. Elektroni zinazodandia wimbi hilo zinapata kasi ya ajabu. Wazo ni la Tajima na Dawson, 1979. Mwaka 2006 Berkeley, Marekani, walifikisha elektronivolti bilioni 1 kwa sentimita 3.3 tu!

Tatizo ni kwamba zinadandia kama abiria wa daladala jioni. Ya mbele inasukumwa hivi, ya nyuma vile, basi zinatoka na nishati tofauti. Na sumaku inapinda kila nishati kivyake, kwa hiyo mwale wa namna hiyo haukusanyiki vizuri. Ndiyo maana mwaka 2004, makundi matatu ya Uingereza, Ufaransa na Marekani yalipopata miale yenye nishati zinazokaribiana, ilikuwa habari kubwa.

Sasa wewe wa "nishati kwanza", nijibu hili. Mwaka 2021 Shanghai waliwasha leza ya elektroni huru kwa mwale wa plazma. Nishati yake? Karibu nusu tu ya ile ya Berkeley! Ila tofauti ya nishati ndani ya mwale ilikuwa karibu asilimia 0.5. Yaani nishati ilikuwepo miaka 15 kabla. Kilichokosekana ni huo unaouita urembo.

Na kazi inaendelea. Mwaka 2025 watu wa DESY, Hamburg, walipitisha mwale kwenye sumaku ili elektroni zenye nishati kubwa zitangulie, kisha wakazipunguza hizo na kuzisukuma za nyuma kwa mawimbi ya redio. Tofauti ikashuka zaidi ya mara 10. Hapo hakuna rekodi ya nishati iliyovunjwa, lakini mwale umekuwa wa kutumika.

Kwa nini naumia hivi? Nilipokuwa TP niliwamwagia kidato cha sita rekodi za nishati, wakapiga makofi. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, huo mwale unafanya kazi gani?" Nikababaika hadi kengele ikaniokoa. Sikuwa na jibu kwa sababu na mimi nilikuwa shabiki wa namba.

Mwakani nakabidhiwa darasa langu. Sitaki tena kuokolewa na kengele.

Mwenye hoja aje nayo. Mwenye makofi abaki nayo.