Matandiko ya farasi: usianze na tandiko

Wauzaji wenzangu, kila nikiposti hatamu niliyoshona, inboksi inajaa swali moja: "Na mimi nashona ngozi, nataka kutengeneza matandiko ya farasi, nianzie wapi?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Anzia popote, ila usianze na tandiko lenyewe.

Sisemi soko halipo. Hapa Arusha kuna farasi wa kupandisha watalii, Kenya kuna polo na mbio za Ngong. Pesa ipo. Lakini tandiko si mkoba. Ndani yake kuna fremu ngumu, na hiyo fremu lazima ilingane na mgongo wa farasi husika. Ikibana, farasi anachubuka, na jeraha likipona manyoya huota meupe. Ukiona farasi mweusi ana madoa meupe mgongoni, mara nyingi ni kazi ya tandiko baya. Sasa mtu anakutumia picha moja WhatsApp, anataka tandiko. Oda ya hivyo mimi nakataa, hata kama ametanguliza hela.

Anza kwa kukarabati. Hatamu iliyokatika, mkanda wa kikuku uliofumuka, bizimu iliyong'oka. Ukifumua kazi ya fundi wa zamani unaona alikunja wapi, alipunguza unene wapi, mshono ulipita wapi. Hakuna video itakayokufundisha hivyo, na mteja anakulipa ukiwa unajifunza! Vifaa ni vichache: msharasi, kisu kikali, uzi uliopakwa nta, sindano mbili.

Ndiyo, mbili. Uzi ni mmoja, kila ncha na sindano yake, zinapishana kwenye tundu moja. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani inashikilia. Ule wa cherehani hufumuka kirahisi zaidi. Mkoba ukifumuka mteja ataurudisha, mtagombana kidogo, yataisha. Hatamu ikikatika, kuna mtu yuko juu ya mnyama wa kilo 500 anayekimbia, na kilichokatika ndiyo breki yake.

Kwa hiyo ngozi ya sofa weka pembeni, inavutika. Tafuta iliyolainishwa kwa magome ya miti kama miwati, ile inayolimwa Njombe, unene milimita 3 hadi 4. Kata kona uangalie katikati: ukiona rangi ya bluu-kijivu, hiyo ni ya kemikali ya kromi, ishonee mikoba. Bizimu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile nyepesi za kung'aa za mikoba ya bei chee zinavunjika.

Kuna anayeniuliza, punda je? Punda ni wengi kuliko farasi, ila mwenye mkokoteni hana bei ya mwenye farasi wa polo. Akikujia mshonee mkanda mpana wa kifuani, mwembamba unamkata mnyama. Faida ni ndogo, kazi ni ya uhakika.

Wenye farasi ni wachache na wanajuana. Kitu chako kikikatika asubuhi, hadi jioni wote wamesikia. Ndiyo maana mimi kwenye posti napiga picha ya nyuma ya mshono pia. Anayejua kazi ataomba tu kuiona, kwa hiyo namwekea kabla hajauliza bei.