TUSIUZE JUMAPILI ZETU

Ndugu wanachama,

Tunataka kusema neno juu ya maisha yetu ya nyumbani, na tunaomba asikasirike mtu, kwa kuwa sisi tunaoandika tumo katika kosa hili hili.

Kila orodha ya ovataimu ikibandikwa ukutani, twakimbilia kuandika majina. Ukituuliza sababu, twajibu kwamba mshahara hautoshi. Ni kweli hautoshi, na chama kisichoke kudai nyongeza. Lakini tuseme kweli yote. Kwa wengi wetu fedha zile haziendi kwenye unga wala karo. Zaenda kulipa deni la sofa, la televisheni kubwa, na mikopo ya simu tuliyochukua ili tusionekane nyuma ya jirani.

Mwenzetu mmoja alinunua televisheni kwa mkopo ili atazame mpira. Zamu za kuilipia zikamshika hata Jumapili. Watoto wake wanajua majina ya wachezaji wote. Yeye akifika nyumbani hulala kitini kabla mpira haujaanza. Je, televisheni ile ni ya nani?

Tufanye hesabu ya shule. Kama saa moja ya ziada inakupatia shilingi 200, sofa ya shilingi 60,000 ni saa 300. Kwa zamu za saa nane, hizo ni siku 37 na nusu, mbali na riba. Ukizitoa katika Jumapili zako, umemaliza karibu miezi tisa bila kushinda na mke na watoto. Kama mwenye duka angaliandika bei hiyo, ungalinunua?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka kwa mshahara kamili. Ni ajabu mtu kupewa pumziko na sheria, kisha aliuze mwenyewe. Na kazi ya reli haina huruma kwa mtu anayesinzia.

Liko jambo zito zaidi. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari pamoja, waligoma zaidi ya siku 10 wakidai mshahara wa kumfaa mtu. Leo tukiitwa vile, wangapi wetu wataweza kukaa hata juma moja bila mshahara? Mwenye deni humwogopa mwajiri, humwogopa mwenye duka, huogopa hata mlio wa simu yake. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwajiri asiyachukue maneno haya akasema mshahara unatosha. La, hasha! Tunaishi kwa kiasi ili tuwe na nguvu ya kudai, maana asiye na deni husema bila kutetemeka.

Basi tuanze na madogo. Kabla ya kununua kitu, tuhesabu bei yake kwa saa, si kwa shilingi. Kisicho cha lazima kingoje mpaka akiba yetu ya SACCO itimie. Likizo tuichukue yote. Na siku ya mapumziko tushinde nyumbani, tule ugali na sukuma wiki pamoja na watu wetu, tuwatazame na wazee.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye mengine ayalete mkutanoni.

Umoja ni nguvu.