C.B.A. NI NINI?



Sisi wa reli tumezoea herufi. Baba zetu walikuwa watu wa E.A.R. & H. Bandari zikatengwa mwaka 1969, zikabaki herufi tatu, na shirika lenyewe likavunjika 1977. Siku hizi ni S.G.R., na kila mtoto ajua kuwa ni reli mpya ya kutoka Mombasa. Herufi hizo hazikumdhuru mtu. Lakini C.B.A. yatudhuru, na hapa twataka kueleza kwa nini.

Nyumbani Lorugum tuliwauliza vijana wa kazi ya barabara kama C.B.A. yao imekwisha sajiliwa. Mmoja alijibu kwamba deni lake amelipa lote. Yeye alifikiri tunasema Commercial Bank of Africa, benki iliyoanza M-Shwari pamoja na Safaricom mwaka 2012, ambayo iliungana na NIC mwaka 2019 ikaitwa NCBA. Mwenziwe alisema kazi hiyo ni ya mwalimu, maana Baraza la Mitihani nalo huita C.B.A. ule upimaji wa umilisi wa watoto shuleni. Wala hawakukosea, kila mmoja alijibu kwa C.B.A. aijuayo. Mabwana wa mipango wana yao pia, hesabu ya kupima gharama na faida kabla ya kujenga. Mradi wa Lamu, wenye reli ya kupita Turkana, ulizinduliwa Machi 2012, na hata leo Turkana hakijatandikwa chuma kimoja cha reli. Hesabu hiyo tuwaachie wenyewe.

Ya kwetu ni mkataba wa pamoja, yaani mapatano ya maandishi kati ya chama na mwajiri juu ya mshahara, saa za kazi, likizo na posho. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yasema mapatano hayo yapelekwe mahakama ya kazi kusajiliwa katika siku 14. Yakisajiliwa, mwajiri hana budi kuyatimiza. Tena masharti yake yanaingia katika mapatano ya kazi ya kila mtu anayehusika, hata kama hakuwapo siku ya kutia sahihi, hata kama hajui kusoma.

Sasa tazameni hasara. Kijana yule wa kwanza alituonyesha karatasi yake ya kazi. Imeandikwa kwamba posho ya nyumba na likizo atapata “kwa mujibu wa C.B.A.” Yeye alidhani ni benki ya kupitishia mshahara. Miaka miwili hakuuliza posho wala likizo, na nyapara hakumweleza neno. Nani anajua ni wangapi wametia kidole juu ya herufi hizo?

Mwajiri ana faida yake kunyamaza, hilo twalifahamu. Linalotuudhi ni makatibu wa matawi yetu kubandika tangazo ukutani: “C.B.A. imetiwa sahihi.” Basi. Haisemwi ni shilingi ngapi zimeongezwa wala ni tangu tarehe gani. Wengine husema herufi huokoa karatasi. Karatasi gani hiyo? “Mkataba wa Pamoja” ni maneno matatu tu, yanaenea mstari mmoja na nafasi hubaki.

Twaomba kamati iagize kwamba kila tangazo la chama litaje Mkataba wa Pamoja kwa jina lake lote, pamoja na jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwamba nakala iwekwe mahali ambapo mtu aweza kuisoma bila kuomba ufunguo. Kwa ndugu wa Lodwar, Kakuma na Lorugum wasiosikia Kiswahili vizuri, tawi litafute mtu wa kuusoma kwa Kiturkana mkutanoni, kifungu kwa kifungu, akianza na kile cha likizo.