Gedi Si Nyumba ya Majini

Huko Marekani watu hulipa kiingilio ili watishwe. Katika gereza kuukuu la Philadelphia, lililofungwa mwaka 1971, waigizaji huwashtua wageni chumba hadi chumba kila msimu wa Halloween. Hayo ni maigizo, na kila mtu ajua.

Sisi je? Tulipozuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, swali lilikuwa moja tu: "Ati majini wako wapi?" Jamani! Tulipita msikiti mkuu, jumba la kifalme, kaburi la mwaka 1399, na nyumba zilizopewa majina ya vitu vilivyofukuliwa humo, kama makasi na bakuli la kauri. Wengi hata hawakugeuza shingo.

Hadithi za majini ni tamu, sikatai. Lakini jini hakuchimba visima vile, wala hakuleta vyombo kutoka Uchina. Ni Waswahili, watu wa damu na nyama. Tukiwasifu majini, twawanyang'anya wazee wetu jasho lao. Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gedi katika Urithi wa Dunia kwa ajili ya kazi ya wazee hao.

Basi ukienda Gedi, uliza kwanza: nani alijenga? Mwacha asili ni mtumwa.