Usimwekee mtoto njiti muziki wa simu

Dada yangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 31. Siku ya tatu mimi, mama mdogo, nikafika wodini na zawadi niliyoiona ya kisomi kuliko zote: simu yenye saa tatu za piano laini, ule muziki unaosemwa mitandaoni kwamba unakuza ubongo wa mtoto. Nikaiweka juu ya inkubeta, sauti chini kabisa. Muuguzi wa zamu hakunigombeza. Alinionyesha mashine inayohesabu mapigo ya moyo, halafu akanionyesha vidole vya mtoto, vimetanuka vyote kama vya mtu anayesukuma mlango. "Dada, huyu anasema imetosha." Nikaizima.

Naandika habari za afya na nilikuwa sijui. Ndipo nikaanza kusoma kuhusu mtu ambaye wazazi wengi hapa kwetu hawajawahi kukutana naye: mtaalamu wa tiba ya muziki.

Jina la kazi yake linapotosha kidogo. Ukilisikia unapata picha ya mpiga gitaa anayezunguka wodini kuchangamsha wagonjwa. Wapo watu wa namna hiyo, na Mungu awabariki, lakini hiyo ni burudani. Mtaalamu wa tiba ya muziki anaanza kwa kusoma faili la mgonjwa. Anaongea na muuguzi na mzazi, anamtazama mtoto kwa muda kabla hajatoa sauti yoyote. Anaweka lengo linaloweza kupimwa, kwa mfano mtoto atulie kabla ya kunyonya, au apate usingizi baada ya kuchomwa sindano. Anaandika kilichotokea. Kama haisaidii, anabadilisha, au anaacha.

Mfano mzuri ni kazi ya Joanne Loewy, mtaalamu wa fani hii wa New York. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti aliouongoza, uliofanyika kwa watoto njiti 272 katika hospitali 11 za Marekani. Hakukuwa na spika wala simu. Kulikuwa na ngoma bapa yenye chembe za chuma ndani, ambayo ukiiinamisha polepole inatoa mvumo kama ule anaousikia mtoto tumboni. Kulikuwa na kisanduku cha mbao kinachogongwa kwa vidole kufuata mdundo wa moyo. Na kulikuwa na sauti ya mzazi mwenyewe.

Hapo kwenye sauti ya mzazi ndipo nilipokaa kwa muda mrefu. Mtaalamu anawauliza baba na mama: wimbo gani una maana kwenu? Hawalazimiki kuchagua wimbo wa watoto. Unaweza kuwa wa ibada, wa harusi yao au wa redioni. Anachofanya ni kuupunguza kasi, kuutoa makelele na kuufanya uende na pumzi za mtoto, kisha anawafundisha wazazi kuuimba hivyo. Katika utafiti ule mapigo ya moyo ya watoto yalishuka wakati wa vipindi, kunyonya na usingizi vikawa bora kwa baadhi ya njia hizo, na msongo wa mawazo wa wazazi ukapungua. Wazazi waliokuwa wakisimama pembeni ya mashine mikono mitupu wakapata kazi ya kufanya.

Tofauti yake na simu yangu ni kwamba simu haimwangalii mtoto. Inaendelea tu. Njiti hawezi kuziba masikio wala kugeuka na kuondoka, na wodi yenyewe tayari ina kelele: kengele za mashine, milango ya inkubeta, sisi ndugu tunaosalimiana. Madaktari wa watoto wa Marekani wameonya tangu miaka ya 1990 kuhusu kelele zinazozidi desibeli 45 katika wodi hizo. Mazungumzo yetu ya kawaida hufika kama 60. Kumvalisha spika za masikioni ndiyo usithubutu.

Ili kuaminiwa na kazi hiyo Marekani, mtu anasoma digrii, anapitia angalau saa 1,200 za mafunzo ya vitendo, halafu anafanya mtihani. Uingereza jina lenyewe linalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa.

Nalitaja hilo kwa sababu wazazi wenye watoto wenye usonji wanakutana na matangazo mengi ya muziki "unaotibu". Mwaka 2017 jarida la JAMA lilitoa majibu ya utafiti wa watoto 364 wenye usonji katika nchi 9. Baada ya miezi mitano, waliopata tiba ya muziki pamoja na huduma za kawaida hawakutofautiana katika dalili kuu na waliopata huduma za kawaida peke yake. Mtoto wako anaweza kuufurahia muziki na kujifunza kusubiri zamu yake kwenye ngoma, na hilo si dogo. Ila anayekuahidi kuwa usonji utaisha, shika pochi yako. Muulize lengo la mtoto wangu ni lipi, utajuaje limefikiwa, na akikataa utafanya nini. Asiye na jibu la swali la tatu mimi singemwachia mtoto.

Kwa wenye njiti wodini sasa hivi: muulize kwanza muuguzi kama mtoto yuko tayari kwa sauti. Wakati mzuri mara nyingi ni akiwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaroo. Vumisha chini chini, wimbo mmoja tu, wakati hakuna anayeongea. Akibadilika rangi, akapata kwikwi, akatanua vidole au akageuza uso, nyamaza. Baki naye kimya.

Dada yangu alichagua wimbo wa kwaya yao ambao kanisani huchezwa hadi jasho linatoka. Aliuimba taratibu mno, hata mimi niliyeucheza naye miaka yote ilinichukua muda kuutambua. Baba mtoto akawa anaitikia.